Mashine Iliyomchelewesha Mkasi

Wadau, mashine ya kukatia karatasi pale kiwandani kwetu ilikuwa inamchelewesha mtu mmoja tu.

Wenzake wakibonyeza, kisu kinashuka hapo hapo. Akibonyeza Mkasi, mkataji wetu mkongwe, kisu kinasita kwanza. Kama kinamfikiria.

"Kaka yako ndiye aliyeandika programu ya mashine hii," bosi akaniambia. "Yeye na Mkasi walikuwa na ugomvi?"

Kaka tulikuwa tumemzika majuzi tu. Mkasi alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na makaburini alilia kuliko sisi ndugu.

Mimi shule niliishia sekondari. Kompyuta alinifundisha kaka, sebuleni kwetu. Ndiyo maana bosi alinipa kazi ya kuitoa programu ile kwenye asembli, ile lugha ya amri fupi fupi, hamisha, linganisha, ruka, na kuiandika kwa lugha ambayo fundi yeyote ataisoma.

"Ukikuta upuuzi, futa."

Nikaukuta. Kipande kizima kisicho na jina, kinazunguka pale pale, kinapoteza muda, halafu ndipo kinaruhusu kisu kishuke.

Yaani kaka alimwekea mtu kinyongo hadi ndani ya mashine?

Mkasi naye kila akipita: "Mdogo wangu, hujaking'oa tu hicho kidudu? Kinanikera!"

Haraka ya nini? Sasa nikaanza kumtilia shaka yeye.

Nikarudia mstari kwa mstari. Mashine ina vitufe viwili, kila mkono na chake, ili mikono yote ikae mbali na kisu. Kipande kile kiliuliza jambo moja: kitufe cha kushoto kimeachiwa tangu mkato uliopita? Kama bado, kisu kisubiri kidogo.

Nani anabonyeza kitufe asikiachie?

Nikaenda kusimama nyuma ya Mkasi akiwa kazini. Kitufe cha kushoto alikuwa amekibana kwa kadibodi iliyokunjwa. Mkono wenyewe ulikuwa chini ya kisu, unasawazisha karatasi.

Nikangoja autoe, ndipo nikamwita.

"Toba! Unataka nife?"

"Kaka alijua?"

Akaichomoa kadibodi, akaificha kiganjani kama mtoto.

"Alinikuta nayo. Nikamsihi asinichome kwa bosi, nikamwapia nimeacha. Baadaye kisu kikaanza kuchelewa. Nikasema basi, mashine imezeeka."

Nikamwonyesha ile mistari, nikamsomea: kitufe kikiwa kimebanwa, kisu kinangoja ili mkono upate muda wa kutoka. Akatazama vidole vyake, kimoja kimoja.

"Kumbe hakuniamini."

"Hakukuamini. Ila hakukuacha."

Jioni bosi akauliza, "Umeufuta ule upuuzi?"

"Kile kipande nimekikaza, bosi. Sasa kitufe kisipoachiwa, kisu hakishuki kabisa."

Katika lugha mpya kila kipande lazima kipewe jina. Hicho nimekiita SubiriMkono.

Ndugu zangu, marehemu hawezi kujieleza. Ukikuta alichoacha hukielewi, usikimbilie kumdhania vibaya. Uliza kwanza kilikuwa kinamlinda nani.