Udongo wa Magunia ya Shosho

Harufu ya majani ya nyanya bado hunirudisha juu ya paa la jengo letu mtaani Huruma, ghorofa ya tano. Shamba la Shosho, bibi yangu, lilipouzwa akaletwa kukaa nasi, na huko paani akapanda nyanya katika magunia sita. Udongo tuliubeba kwa ndoo, ngazi baada ya ngazi, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuutupa. Mche ukifa, mimi nilichota udongo wake kwa sufuria kuukuu nikaongezea gunia lingine. Nilijiona mkulima mkubwa kweli! Shosho alipata na rafiki, Mama Mutua, jirani Mkamba aliyefulia nguo hapo. "Shosho, ya kwanza kuiva ni yangu, la sivyo naiba," alizoea kusema. Shosho naye hucheka: "Ni yako, mwizi wewe."

Kisha majani yakawa manjano, upande mmoja kwanza, yakalegea ingawa udongo ulilowa. Tukazidi kumwagilia. Magunia yakafuatana kufa, yote sita. Shosho akaniuliza nani alikuwa akija paani. Nikamwambia nimemwona Mama Mutua akimwaga maji ya sabuni. Kweli alimwaga, lakini kwenye mfereji wa maji machafu, hilo sikulisema. "Nilikukosea nini?" Shosho akamuuliza. "Wacha mzaha, Shosho!" Mama Mutua akacheka, halafu akauona uso wa Shosho. Akabeba karai lake, nguo zikichuruzika, na hawakusemezana tena mpaka Shosho alipofariki.

Sasa nina magunia yangu mwenyewe, mtaani Tassia. Majuzi mche mmoja ulinyauka vilevile. Muuza dawa za mimea akapasua shina, ndani mna mistari ya kahawia. "Ni ukungu wa udongoni," akasema. "Unaingia kwa mizizi, unaziba mishipa ya maji, na kutoa sumu inayopanda hadi majani. Mche unanyauka na maji yapo. Udongo huo usiuhamishe." Nikaikumbuka ile sufuria.

Nilimpelekea Mama Mutua nyanya, nikamwambia yote. "Kwa hivyo alikufa akijua ni mimi?" akauliza. Nikaitikia kwa kichwa. Akachagua moja, akaifuta kwa leso, akaishika tu. "Ya kwanza aliniahidi mimi," akasema.

Siku hizi mche ukiugua nautoa na udongo wake wote, nateremka nao ngazi zote. Mambo ya ukungu sikuyajua wakati ule. Lakini mfereji niliuona.