Nusura nimponze mama wa Kikongo kwa fomu ya kura, siku ya kukumbuka mwisho wa utumwa

Wakuu, heshima zenu. Haya sikusimuliwa. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, na hadi leo ile fomu sijaisahau.

Mimi ni Mtanzania, nasoma Columbus, Marekani. Juni iliyopita nilikwenda Louisville, jimbo la Kentucky, kumsalimia shangazi, anayeishi Beechmont, mtaa wenye wakimbizi wengi wa Kikongo.

Ilikuwa Juneteenth, siku ambayo Wamarekani Weusi huadhimisha wazee wao kutoka utumwani. Kwenye bustani kulikuwa na muziki, nyama, na meza ya kuandikisha wapiga kura. Nikajitolea kutafsiri. (Sisi wenye digrii za siasa tukiona meza ya haki hatupiti.)

Aliyeisimamia ni Uncle Ray, mzee mweusi, fundi bomba mstaafu.

Akaja Mama Furaha, jirani wa shangazi, mfanyakazi wa warehouse, ghala la mizigo. Kiswahili chake cha Kongo kimechanganyika na Kifaransa.

"Mwanangu, uniandike na mie. Binti yangu wa Buffalo alishapata carte, kadi yake, mie bado."

Nikamuuliza kama ana karatasi za Marekani.

"Donc ningeingiaje? Niko nazo zote."

Nikajaza. Kwenye swali la uraia nikaweka tiki mimi mwenyewe, bila kumsomea. Akachukua kalamu asaini.

Uncle Ray akaweka kiganja juu ya fomu. "Muulize kwanza kama ameshakula kiapo cha uraia."

Hakuwa amekula. Alikuwa na green card tu, kibali cha kuishi.

Mzee akaichana fomu vipande vinne. Akanieleza taratibu kwamba asiye raia akisaini kuwa ni raia, anaweza kunyimwa uraia, hata kurudishwa alikotoka.

Wakuu, alikotoka ni kijiji kilichochomwa moto.

Mama akadhani tunambagua. Akatoa kwenye pochi kadi yake ya kura ya Kongo, kaizungushia nailoni. Ndipo nikaelewa. Kwao kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Ukikutwa barabarani huna, askari wanakukamata. Kura haikuwa akilini mwake. Alitaka atambulike kuwa ni mtu wa hapa.

Nilipomweleza, akamgeukia mzee. "Bon, muzee anionyeshe ya kwake, niione tu."

Nikatafsiri. Uncle Ray akacheka kidogo. Hana.

Ujanani aliiba gari katika jimbo jingine, akafungwa huko, akamaliza kifungo. Kwa taratibu za Kentucky, kwa kosa la jimbo jingine haki ya kura hairudi mpaka uombe na gavana airudishe. Ameomba, hajajibiwa. Miaka yote hiyo anaandikisha wenzake, na yeye hajapiga kura hata moja.

Nilisoma vitabu vingi kuhusu nchi hii. Hilo lilinipita.

"Donc muzee anapikia batu chakula," Mama Furaha akasema, "ye mwenyewe analala njaa?"

Mzee akataka kujua amesema nini. Nikamwambia. Akazipanga upya fomu zilizobaki.

"Mwambie akila kiapo nitampeleka mwenyewe hadi kituo cha kura. Nitamsubiri nje."

Nilichojifunza: nia njema haimsomei mtu fomu. Msomee kila swali, na usimjibie.

Na kuna jingine, ninaliandika kwa aibu. Kadi yangu ya mpiga kura iko Morogoro, kabatini kwa mama. Siku ya uchaguzi nililala, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Karibuni mseme. Mliojiandikisha mkakaa nyumbani, anzeni nyinyi.