Mfuko wa Moyo wa Dada

Dada yangu mkubwa alikuwa mkulima wa ulezi na mahindi huko Mwazye, mwanamke wa kujitwisha gunia bila kuomba msaada. Alianza kwa kikohozi, kisha miguu ikavimba. Akilala chali pumzi zinakata, kwa hiyo akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Majirani wakasema karogwa. Nikaenda kumchukua, nikamleta hospitali Sumbawanga, ninakoishi.

Daktari alimpima kwa ultrasaundi, akanigeuzia kioo nione.

"Moyo unakaa ndani ya mfuko," alisema. "Mfuko una ngozi mbili, na katikati yake maji kidogo ya kulainisha, moyo ukidunda usikwaruzike. Huyu kifua kikuu kimeingia humo. Maji yamejaa, yanaubana moyo, haupati nafasi ya kutanuka."

Wakamchoma sindano chini ya kifua, wakayavuta. Yalikuwa mekundu. Kabla hawajamaliza dada alivuta pumzi ndefu, akacheka.

"Mdogo wangu, kumbe hewa ni tamu hivi!"

Alimeza dawa za kifua kikuu bila kuruka hata siku moja. Akarudi Mwazye, akashika jembe, nami nikaamini yamekwisha. Baada ya miezi kadhaa tumbo likaanza kujaa, mishipa ya shingo ikatutumka. Nikamrudisha hospitali Sumbawanga. Safari hii hakukuwa na maji ya kuvuta kwenye mfuko wa moyo. Mfuko ulikuwa umepona vibaya, umekuwa mnene na kukakamaa, na moyo umebanwa humo humo. Ilibaki kupasuliwa, mfuko ubanduliwe, na kwa hilo tulitakiwa kwenda Dar es Salaam.

"Wanipasue kifua?" dada aliniuliza. "Haya. Ukisema twende, nitakwenda."

"Twende, dada."

Tukapewa tarehe. Siku chache kabla ya safari, asubuhi, nilikuwa nampaka mafuta miguuni aliponishika mkono.

"Niitie mama."

Mama, aliyekuja kwangu kunisaidia kumuuguza, alikuwa jikoni anakoroga uji. Tulikuja mbio, tukakuta kichwa kimelalia bega. Nilimwita. Mama alimwita kwa Kifipa, kwa jina la utotoni, tena na tena.

Tulimzika Mwazye. Watu walipotawanyika, mama aliniuliza daktari alisema moyo wenyewe ulikuwa na ugonjwa gani.

"Haukuwa na ugonjwa, mama. Moyo wenyewe ulikuwa mzima."

Akaketi chini pale pale, akaanza kulia upya.