Mkaguzi wa Mkaidi

Shangazi yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mkaguzi. Jina hilo hakulipatia ofisini. Alilipata kwa kuwaingilia watu uani mwao, hodi na mguu vyote kwa pamoja, mikono kiunoni, anauliza: "Kiko wapi kichwa changu?"

Mgeni angedhani akili zimemruka. Kichwa anachoulizia ni cha mmea. Kuna mmea fulani wa porini, mfupi, majani yake yana manyoya manyoya, unaota kwenye nyufa za mawe kule mlimani nyuma ya mji. Anasema zamani uliukuta hata ukienda kuokota kuni. Halafu wachimba dawa wakaung'oa wote, wakaacha mashimo. Shangazi aliokota mmoja uliosahauliwa, umekatika nusu, akauleta nyumbani. Ukakataa udongo mzuri. Ukakataa mbolea. Alivyozidi kuumwagilia ndivyo ulivyozidi kununa. Siku alipoukatia tamaa akautupa kwenye karai bovu lenye kokoto, na humo ndimo ulimochipua. Tangu hapo anauita mkaidi, na mimi nikamwambia ndugu hufanana. Nusura anipige na ndala.

Mzizi wa mkaidi, ukitwangwa na kuchemshwa kwenye mafuta, ndio dawa yake ya mikono. Na mikono ndiyo riziki yake. Anafua shuka za nyumba ya wageni, nyeupe pe, kwa sabuni kali na dawa ya madoa, na ngozi ya binadamu haikuumbiwa maisha hayo. Bila ile dawa vidole vyake hupasuka kwenye viungo mpaka vinatoa damu. Akijipaka jioni, asubuhi anakamua shuka bila hata kukunja uso.

Wenye kazi za mikono walimjia, na hela hakutaka. Alikuwa na sharti moja tu. Sehemu ya chini ya mzizi ndiyo dawa, hiyo chukua. Sehemu ya juu, yenye macho ya kuchipua, anaiita kichwa, na hicho unaenda kukipanda kwako. "Dawa nakupa," atakwambia, "ila usiache shimo." Kisha anakuja kukagua.

Sasa tabia ya mkaidi ni hii: kiangazi kikifika, majani yote yanakauka, juu hubaki kokoto tupu, na chini mzizi umelala mzima, haudaiwi na mtu. Ukiuacha, mvua ikirudi unaamka wenyewe. Lakini nani ana subira hiyo? Wapo waliodhani umekufa wakautupa, na wapo waliouonea huruma wakaumwagilia mpaka ukaoza. Shangazi akawa anawasema. Ana ulimi huyo, jamani, msimwone hivi!

Ulimi huo ndio uliomkosanisha na Msusi. Walikuwa chanda na pete. Saluni yake inatazamana na geti letu. Dawa ya nywele ilimchoma vidole, Shangazi akamtibu, akampa na kichwa. Angeishia hapo. Lakini akaongeza, mbele ya wateja: "Nakupa kwa kuwa nimezoea hasara. Mikononi mwako wewe hakidumu kitu."

Mwenyewe alikuwa anafikiria vitunguu vya Msusi vilivyooza kwenye kopo. Ila mume wa Msusi alikuwa ameondoka wiki ileile, na mtaa wote ulijua. Msusi akachukua kile kichwa, akakifunga tena kwenye kitambaa cha Shangazi, akasema, "Ahsante, dada," na hiyo ikawa salamu yao ya mwisho. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Shangazi alijua amekosa, nilimwona akifika hadi getini mara kadhaa akarudi, lakini neno samahani kwake lina mifupa. Miaka ikapita, barabara moja katikati.

Mwaka huu mvua zilinyesha kama zimetumwa. Shangazi akaingiwa na hofu, akayafunika makarai yake yote kwa plastiki, akayabana kwa matofali. Jua likawaka juu ya plastiki, mvua ikarudi, jua likarudi. Alipofunua, harufu ilitufikia hadi jikoni. Akachomoa mzizi mmoja, ukaminyika vidoleni kama ndizi iliyooza. Akachomoa wa pili. Akaendelea mpaka makarai yakaisha, halafu akakaa chini palepale kwenye maji.

"Nimewasema watu wote hawa," akanong'ona. "Kumbe muuaji ni mimi."

Mganga hajigangi. Sikumwambia, alikuwa na uchungu wa kutosha.

Kopo la dawa lilipokwisha, vidole vikaanza kupasuka. Alijaribu glovu, shuka zikawa zinamteleza. Alijaribu mafuta ya dukani, yakaacha alama kwenye kitambaa. Daktari alimpa krimu nzuri na ushauri wa kweli: akae mbali na sabuni. "Sawa, daktari," akajibu, "na sufuria nayo nikae nayo mbali?" Wote wawili wakacheka.

Basi tukaanza kuzunguka kwa wote aliowahi kuwapa. Kichwa kimoja tu kingetosha kuanza upya, na huenda mwenye mingi angetugawia mzizi wa kutengeneza dawa. Mwalimu mstaafu alikuwa ameotesha vitunguu saumu kwenye chungu cha mkaidi wetu. Muuza mkaa alituona kwa mbali akaingia chooni, na humo akakaa mpaka tukachoka kumsubiri. Kwa fundi baiskeli nilifurahi, maana dirishani kulikuwa na majani mabichi kweli kweli. Shangazi akayashika. Lilikuwa ua la plastiki.

"Nisamehe, Shangazi," fundi akasema, macho chini. "Chako kilikufa zamani. Nikaweka hili ili ukipita barabarani uone kijani usiumie."

Siku nyingine angemsomea fundi wa watu mpaka akome. Safari hii alimpigapiga begani tu, tukaondoka.

"Bado Msusi," nikasema.

"Bora vidole vidondoke."

Baada ya siku chache msimamizi wa nyumba ya wageni alikuja mwenyewe, ameshika shuka mbili zilizokunjwa. Katikati ya moja kulikuwa na alama ya kidole, ya kahawia, damu iliyokauka. Ni mama mstaarabu, hakugomba. "Mama, mgeni aliiona," akasema. "Nakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo itabidi nizipeleke kwa wenye mashine."

Alipoondoka, Shangazi aliitazama ile alama kwa muda. Kisha akavua aproni, akavuka barabara. Mimi nyuma yake, mbio, nisije nikapitwa.

"Hodi."

Msusi alikuwa anasuka mtu. Akamwangalia usoni, akaiangalia mikono. Akaweka kitana chini, akasema, "Pita nyuma."

Uani kwake kulikuwa na sinki kuukuu la kuoshea nywele, lenye ufa, limejaa kokoto. Mkaidi ulikuwa umelijaza, umemwagika nje, umeingia kwenye nyufa za sakafu mpaka ukutani. Sijawahi kuona mkaidi mwingi kiasi kile. Shangazi akashika mdomo.

"Umefanyaje?"

"Sikufanya kitu. Kila nikiutazama nilikuwa nakasirika, basi nikawa siutazami. Maji siupi. Ukikauka siugusi." Msusi akapangusa mikono kwenye kanga. "Wewe hukuja kukagua kwangu. Kwa wote ulikwenda, kwangu hukuja. Nikasema huyu atakuja siku moja, aone kama mikononi mwangu hakidumu kitu. Umechelewa sana, dada."

Shangazi akalia. Si machozi ya kufuta kwa pembe ya nguo. Alilia kwa sauti, na wateja wakachungulia. "Nisamehe," akasema. "Neno lile halikuniacha nilale hata siku moja. Nisamehe, mwenzangu."

Msusi akachukua kisu. Aliinama, akachimbua mizizi mitatu minene, akakata sehemu za chini, akanipa nikatwange. Vichwa viwili akavirudisha kwenye kokoto. Cha tatu akakifunga kwenye kitambaa, na nilikitambua: kitambaa kilekile cha Shangazi, kimefuliwa, kimepigwa pasi.

"Makarai yote nimeyaua mimi," Shangazi akasema, hajanyoosha mkono. "Na hiki nikikiua je?"

"Utakuja kuchukua kingine. Mlango unaujua."

Mafuta yalipopoa, Msusi akamkalisha kwenye kiti cha wateja, akaanza kumpaka kidole kimoja kimoja. Yule aliyesukwa nusu kichwa akalalamika, akaambiwa atulie. Shuka za nyumba ya wageni siku ile nilizifua mimi, peke yangu, mpaka mgongo ukaniuma, na hakuna aliyekuja hata kuuliza kama sabuni inatosha. Kila nikiinua kichwa niliwasikia ng'ambo ya barabara, wanaongea.