Kikombe cha Kwanza

Walisema sitavuka hata Feri. Maneno hayo yalisemwa kibarazani kwetu, nyuma ya Ndia Kuu, Mombasa, mbele ya marehemu babangu, nami nimesimama pale pale na vikombe vya kahawa mkononi. Aliyeanza ni Ami Mbarak, ndugu mdogo wa baba.

"Swaleh huyu? Ati aenda soma mambo ya hoteli? Yakhe, huyu ni mtoto wa kahawa. Hatovuka Likoni huyu."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliinamisha dele lake la shaba akaendelea kumimina.

Nilivuka. Nilipata diploma ya usimamizi wa hoteli, wa kwanza katika mtaa wetu, na mpaka leo nimeitundika ukutani mkahawani kwangu, mahali ambapo kila anayeingia huiona kabla hajaona bei. Sioni haya kuisema. Aliyezaliwa katika mali husifiwa na wengine. Mimi ilinibidi nianze mwenyewe.

Kwenda Khartoum nilikopa. Nilimkopa muuza leso mmoja wa Biashara Street aliyekuwa rafiki wa baba, nikamkopa Ami Mbarak yeye mwenyewe aliyenicheka, na nauli nikakopeshwa na Mutua. Mutua alikuwa mwokaji mikate. Babake alikuja kutoka Ukambani kufanya kazi reli, naye akazaliwa Makupa, akazungumza Kiswahili kama sisi, ila kwa sauti ya juu zaidi. Alitangulia Khartoum, akapata kazi katika hoteli moja karibu na mto, kisha akanivuta. "Utanilipa ukiwa bosi," aliniambia kwenye simu. Haukupita mwaka nikawa bosi wake. Stoo, jiko na wahudumu, vyote vilikuwa chini yangu. Hakuweka kinyongo. Alianza tu kuniita Diploma.

Siku ya mwisho ya kawaida niliyoipata mjini humo ilikuwa ya Ramadhani. Nilipokea gunia la buni, nikalifungua mwenyewe, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko kuona kama wametuchanganyia mbovu chini. Mutua alikuwa mbele ya tanuri, jasho linamtiririka. Yeye ni Mkristo, hakufunga, lakini mwezi mzima sikumwona akinywa maji. Alikuwa akienda nyuma ya tanuri, anakunywa huko, anarudi anafuta mdomo.

"Kunywa hapa hapa, bwana," nikamwambia. "Mimi sitamani. Tangu nina miaka saba sijaacha saumu hata moja."

"Umeshasema, Diploma."

"Hata nilipougua malaria."

"Malaria nayo umeshasema."

Jioni, baada ya futari, tulitoka mpaka langoni kwa Amna. Amna alikuwa mama wa makamo aliyeuza kahawa pale nje, na jiko lake la mkaa na chungu chake cha udongo chenye shingo ndefu. Mimi nilikuwa na dele la baba, nililotoka nalo Mombasa, na wageni wa hoteli walikuwa wakiniomba kahawa yangu. Nilimwonjesha Amna. Akaizungusha mdomoni, akaimeza kwa adabu.

"Kwenu maji ya kuoshea masufuria mwayatia tangawizi?" akaniuliza.

Mutua alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi yake mji ulilipuka.

Mwanzo tulidhani ni ngurumo. Kisha vioo vya upande wa mto vikaanguka vyote kwa pamoja. Umeme ukakatika, na kabla ya adhuhuri mabomba yakawa yanatoa hewa. Waliokuwa na magari waliondoka. Baadhi yao tuliambiwa hawakufika mbali. Sisi tuliobaki, wafanyakazi na wageni wachache wasiokuwa na pa kwenda, tulishuka chini ya ardhi kwenye chumba cha kufulia nguo. Amna alikuja mbio kutoka langoni amebeba jiko lake kichwani, moto ungali ndani.

Maji tuliyatoa kwenye bwawa la kuogelea. Yalikuwa yananuka dawa, na mtu akiyanywa yalimrudi. Hapo ndipo kahawa ilipoanza kazi yake. Tulivunja viti vya ukumbini tukapata kuni. Amna alikaanga buni kwenye kikaango cha mayai, mimi nikatwanga kwenye kinu cha kitunguu thomu, kwa sababu mashine yangu ya kusagia, ya bei kubwa, ilitaka umeme. Maji yalichemka vizuri kwa ajili ya kahawa, na yakiwa kahawa yalinyweka. Unga ule ule tuliuchemsha mara tatu. Kahawa ya kwanza tuliwapa wagonjwa na wazee, ya pili waliokuwa wakilinda mlango, ya tatu, iliyokuwa na rangi tu, ilikuwa ya kila mtu. Usingizi ulikuwa haba na chakula kilikuwa tende na mkate uliokauka, hivyo mchana wasiofunga walitafuna buni zilizokaangwa ili tumbo linyamaze. Mimi niliigawa. Hakuna aliyepewa zaidi ya mwenzake na hakuna aliyenishinda kwa maneno. Hayo nilisomea.

Hakuna aliyezungumza habari za kuokolewa.

Kisha ukuta wa upande wa nyuma ukapigwa, ukaangukia bwawa, na mafuta ya jenereta yakamwagika ndani. Maji yakabaki mtoni tu. Na kati yetu na mto, mwisho wa barabara yetu, palikuwa na kizuizi cha wapiganaji. Ni vijana. Walikuwa wamelaza mapipa na kitanda cha chuma katikati ya njia, na mkubwa wao alikuwa amejifunga kilemba cha kijani.

Nilisema nitakwenda mimi. Nilipika kahawa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika, nikaijaza kwenye dele la baba, nikatembea katikati ya barabara taratibu ili wanione. Mutua alinifuata nyuma na mitungi mitupu ya plastiki.

Mwenye kilemba alinusa.

"Onja wewe kwanza," akasema.

Ilikuwa mchana. Kulikuwa na habari kwamba watu wa kizuizi kingine walitiliwa sumu kwenye chakula. Nikamwambia nimefunga.

"Sisi tuko safarini, Mungu anajua. Wewe onja."

"Nimefunga."

"Basi rudi nayo. Na maji usiyaone."

Nilisimama. Nilijua sheria ya dini yangu: aliyelazimishwa hana lawama, atalipa siku yake baadaye. Nilijua na bado mkono haukuinuka.

Mutua akapita kando yangu. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, cha unga na sukari na moto. Akasema, "Mimi Mkristo. Mimi kunywa." Akachukua kikombe kutoka kwenye vidole vyangu, nikammiminia, akakinywa chote, akakipindua mdomo chini wakione. Halitoki hata tone. Wale vijana wakacheka. Tukapita.

Tuliporudi, mwenye kilemba alinyoosha kidole. "Kesho aje mmoja. Yule anayekunywa."

Usiku ule tuligombana, kwa sauti ya chini, watu wamelala.

"Nitakwenda mimi," nikamwambia. "Nitakunywa, nitalipa saumu nikifika nyumbani."

"Wewe?" Mutua akasema. "Wewe umetupigia kelele mwaka mzima. Tangu nina miaka saba, tangu nina miaka saba. Leo uvunje kwa sababu ya yule mtoto wa kilemba? Sasa mimi nitasikia hadithi gani nikizeeka?"

"Si mzaha, Mutua."

"Sifanyi mzaha. Wamesema aje anayekunywa. Na mimi napenda kahawa. Hii yako si mbaya, usimwambie Amna."

Akaenda yeye. Akaenda siku iliyofuata, na iliyofuata.

Mimi nilipanda ghorofa ya kwanza kila alipotoka, nikasimama nyuma ya pazia. Nilimwona akipunguza mwendo kwenye mapipa. Nilimwona akimimina, akinywa, akipindua kikombe. Hapo ndipo nilipokuwa nikivuta pumzi. Kisha anashuka mtoni na kurudi ameelemewa, mitungi inamvuta mabega, na watu wa chini wanakunywa.

Siku moja alirudi akasema wale vijana wamemuuliza jina. Amewaambia. Wameshindwa kulitamka.

Buni zilikuwa zinakwisha. Amna alianza kukaanga kokwa za tende na kuzitwanga, akachanganya kidogo kidogo, akaniangalia nione kama nitasema kitu. Sikusema. Kahawa ya kizuizini tuliiacha safi.

Siku ile nililijaza dele mwenyewe. Mutua alikuwa anakohoa kwa moshi wa viti. Alichukua mitungi kwa mkono mmoja na dele kwa mwingine, akasukuma mlango kwa bega.

Nikapanda juu.

Alifika kwenye mapipa.

Akamimina.

Akanywa. Akapindua kikombe.

Nikasikia ndege.

Wale vijana walitazama juu. Mutua naye akatazama juu, kikombe bado kimepinduliwa mkononi.

Sikusikia mlipuko. Nilikuta niko sakafuni, pazia limeniangukia, na mdomo umejaa vumbi. Niliposimama, mwisho wa barabara hapakuwa na mapipa. Hapakuwa na kitanda. Palikuwa na moshi mweusi na karatasi zinazoelea.

Nilitoka. Niliambaa na kuta. Risasi zilianza kutoka upande wa pili wa mto, nikalala kwenye mtaro, nikajaribu tena, nikalala tena. Nilifika karibu vya kutosha kuona. Nilichokiona sitakiandika. Cha kuchukua, nilipata mtungi mmoja, umekunjika upande lakini haujatoboka. Dele la baba sikuliona.

Tuliupeleka mtungi ule mtoni jioni, giza lilipoingia, kwa sababu watu walikuwa na kiu.

Usiku ule ule redio ndogo ya Amna ilitangaza kuwa mwezi umeandama. Kesho yake ilikuwa Idi. Kesho yake nisingekuwa nimefunga.

Asubuhi ya Idi Amna alikaanga buni za mwisho, safi, bila kokwa. Alimimina vikombe akavipanga kwenye sinia juu ya mashine ya kufulia. Tulikuwa wengi chumbani na wote tulikuwa na njaa. Vikombe vikakaa. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Amna akairudisha kahawa chunguni, kikombe kimoja kimoja.

Tulitoka siku kadhaa baadaye, kwa basi lililotuchukua njia ndefu hadi bandarini, na kutoka bandarini nikavuka bahari, na kutoka huko nikarudishwa nyumbani. Amna aliteremka njiani, mahali alipokuwa na dada. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sijui kama alifika kwa dada. Namba aliyonipa haijawahi kuita.

Nilirudi Mombasa na viatu visivyokuwa vyangu. Nasema haya ili ijulikane nilianzia wapi. Leo mkahawa wangu uko Ndia Kuu penyewe, wageni wanausikia kabla hawajafika, na wahudumu wangu wote nimewafunza mimi. Sikumwomba mtu sadaka. Nilifanya kazi mpaka nikaweza kulipa, na nilitaka kuwalipa wote siku moja, mchana, watu wakiona.

Siku hiyo ilikuwa ya Shaabani. Nilianzia Biashara Street, kwa muuza leso, akanifungia leso mbili za kumpa mama kwa furaha yake. Kutoka hapo nikaenda Makupa, kwa mama yake Mutua.

Alikuwa amekaa mlangoni. Nilimpa ile nauli aliyonikopesha mwanawe. Hakuihesabu. Aliishika mapajani.

"Kuna kaburi?" akaniuliza.

"Sikuweza, Mama."

"Alikuwa amekula siku hiyo?"

"Alikunywa kahawa."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei asiyoielewa. Nilikaa naye mpaka jua likageuka. Niliwahi kufikiri kwamba kwa diploma yangu ningejua la kumwambia.

Jioni nikafika kibarazani kwetu. Walikuwa wale wale, isipokuwa waliokufa. Nikamlipa Ami Mbarak mbele yao wote, noti mpya.

"Mwaona?" Ami Mbarak akainua sauti. "Mwamwona? Mtoto wa ndugu yangu huyu! Nani alisema hatovuka Feri?"

"Wewe," mmoja akamjibu, na baraza zima likacheka, hata mimi.

"Haya, za watu umelipa. Na za Mungu?" Ami Mbarak alikuwa anatania, lakini si sana; mwezi ule kila mtu huulizwa. "Saumu zilizokupita vitani ushalipa? Ramadhani hiyo yaja."

"Hakuna iliyonipita, Ami."

"Hata moja? Na mabomu yale?"

"Hata moja."

"Mashaallah!" Akawageukia wenzake. "Mwasikia? Vitani! Hata moja!" Wazee wakatikisa vichwa, mmoja akanishika bega. Ami Mbarak akamwambia muuza kahawa aanze na mimi, kikombe cha kwanza anipe mimi, leo mimi ndiye mtu mkubwa hapa.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo tangu nilipokuwa nimesimama pale pale na vikombe vya baba. Nikapokea. Kilikuwa cha moto, na harufu ya tangawizi.

"Alikuwa akininywea Mutua," nikasema.

Wakatazamana.

"Mutua gani?" akauliza Ami Mbarak.

Nikaanza kuwaeleza, tangu mwanzo, tangu Makupa. Kahawa ikapoa mkononi mwangu, na muuzaji akabaki amesimama mbele yangu, akingoja kikombe chake ampe mwingine.