Mtulinga wa Baba

Baba alipigwa kumbo na mkokoteni wa viazi pale Kariakoo, akaangukia bega la kulia. Hospitalini Upanga, daktari kijana aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akasema, “Shikamoo mzee. Clavicle imevunjika. Huu mkono usiinuke mpaka nikwambie.”

“Marahaba. Na duka atafungua nani?” Kama atapona, hakuuliza.

Baba yangu ni Mchaga wa duka la vyombo, na kwake duka hufunguliwa na mwenye duka. Mtu mwingine akifungua kufuli la ule mlango wa chuma wa kusukuma juu, basi siku imeingia nuksi. Mimi niliona ni ushirikina mtupu, lakini nani angemwambia? Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi mweusi, ukalala karibu na mfupa ule ule uliovunjika. Hata Desemba, tunapopanda kwenda kwetu Kilimanjaro, alipanda nao.

Tukisubiri dawa, nililitafuta neno la daktari kwenye simu. Kwetu ni mtulinga, mfupa wa kati ya shingo na bega. Waingereza lao wamelitoa kwenye Kilatini, clavicula, yaani ufunguo mdogo. Wengine wanasema ni kwa umbo lake. Wengine, kwamba mkono ukiinuka, mfupa huo hujizungusha kama ufunguo ndani ya kufuli. Nikamsimulia, nikitaka acheke.

Hakucheka. “Kumbe ndiyo maana siwezi kufungua,” alisema, akatazama sakafu.

Kabla mfupa haujashikana alinitoroka alfajiri. Nilimkuta dukani, mlango umefika kiunoni, yeye ameegemea ukuta, midomo imempauka. Nilimgombeza mbele za watu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa naogopa sana.

“Nipe mimi ufunguo, baba.”

“Bado nipo,” alinijibu.

Mfupa haukuunga vizuri. Tukawa tunaenda wote kila asubuhi: yeye anafungua kufuli kwa mkono wa kushoto, mimi nasukuma mlango, kisha anakaa kwenye kiti. Bega lilishuka, na yeye akawa anapungua ndani ya shati lake. Majirani walimpa pole mpaka wakachoka.

Juzi nilimkuta amekaa kitandani, hana viatu. Uzi alikuwa ameshauvua. Aliniwekea ufunguo kiganjani, bado una joto la kifua chake.

“Nenda. Wateja wasikute pamefungwa.”

Nilifungua peke yangu. Mteja wa kwanza alichukua sufuria seti nzima bila kuvutana bei, na baada yake watu hawakukatika. Niliuza mpaka chupa za chai zilizokaa juu ya kabati mwaka mzima. Sijawahi kuona siku nzuri kama ile, nami niliichukia.

Jioni Baba aliuliza, “Biashara ilikuwaje?”

“Mbaya,” nilisema. “Hakuja mtu.”

“Si nilikwambia?” Uso wake ulichangamka kidogo. Nikaingia jikoni, nikalia.