Mabanzi Niliyoyapaka Damu ya Mninga

Pua yangu ndiyo iliyokataa kwanza. Ilikuwa mwaka 2013, mvua za mwezi wa kumi ndiyo kwanza zinanusanusa juu ya Kasulu, na binti yangu Agripina alikuwa ameniita nikaone nyumba yake ya wageni. Mbele ya nyumba fundi alikuwa amemjengea baraza la mbao, la wazi, lisilo na paa, watu wakae jioni wanywe soda wakitazama milima. Jekundu, linang'aa. Nikavua kandambili, nikakanyaga, nikavuta pumzi. Mninga una harufu yake, na aliyelelewa kwenye vumbi la mninga hadanganyiki. Pale palinukia vanishi, na chini ya vanishi palinukia paina.

"Fundi, huu ni mti gani?"

"Mninga huo, Bibi. Orijino kabisa."

"Umekatwa wapi?"

"Bibi naye! Mninga ni mninga tu. Usipaniki."

Nikatoa kisu changu cha kumenyea mihogo, nikapiga magoti, nikakwangua pembeni. Rangi ikatoka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Ndani, peupe pe! Agripina akaninong'oneza, "Mama, unaniaibisha mbele ya mafundi." Nikamwambia aibu iko hapo chini ya magoti yangu, aitazame vizuri.

Hasira iliyonipanda siku ile fundi yule aliikuta tu njiani. Ilikuwa imezaliwa kabla yake na kabla ya mama yake. Nitawaambia ilikotoka, maana hata wanangu sikuwa nimewasimulia.

Baba yangu alikuwa mpasua mbao, kule Makere. Alikuwa na msumeno mrefu wa watu wawili: gogo linalazwa juu ya shimo, Baba anasimama juu anaongoza mstari, mwenzake yuko chini anavuta na kula vumbi. Mimi nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele ndiyo yanaota, na kazi yangu ilikuwa kuwapelekea maji na kuzoa vumbi la mbao. Nywele zangu zilikuwa nyekundu msimu mzima. Mama alikuwa akisema amezaa mtoto mmoja na kunguru mwekundu mmoja.

Baba hakuamini macho katika mambo ya mbao. Kila mti aliotaka kuujua, alichonga vigingi viwili, kimoja cha kiini na kimoja cha ule weupe wa nje, akavikita kwenye kichuguu nyuma ya nyumba yetu. Vikae humo mvua nzima. Kiangazi kikifika anavichomoa, mimi nimechuchumaa pembeni kama anayesubiri nyama. Mti wa mtundu ulitoka umeliwa, umebaki kama makapi ya muwa. Mninga, ule weupe wa nje ulikwisha kabisa, lakini kiini kilitoka kama kilivyoingia, kigumu, kama mfupa uliomshinda mbwa. Baba alikuwa akisema, "Mti usimuulize mwenye duka. Muulize mchwa."

Basi ikaamriwa kijito chetu kijengewe daraja la miguu, watu wavuke kwenda sokoni hata mvua ikiwa kubwa. Aliyesimamia kazi alikuwa mnyapara, mtu mnene mwenye kofia ya jua, mwenye sauti ya upole. Niogopeni mimi ninayefoka, lakini mtu wa sauti ya upole mwogopeni zaidi. Baba alipasua mbao za kiini kitupu cha mninga, akaweka magogo mawili makubwa ya kubebea daraja, na mbao za kukanyagia akazipanga chini ya kibanda cha mnyapara zikauke. Ule weupe wa nje, yaani mabanzi, aliutupa. Mabanzi ni kuni za kupikia ugali, si ya kukanyagia.

Mbao zile ziliondoka. Lori lilizichukua alfajiri likaelekea njia ya Manyovu, na nimesikia ukubwani kwamba zilivuka mpaka wa nchi, zikawa makabati ya watu. Sisi watoto tuliliona lori, tukalikimbilia tukishangilia. Baba alikuwa ameondoka na mwenzake, wako porini wanatafuta miti mingine.

Siku ile ile mnyapara akatuita watoto. Alikuwa na sukari guru kwenye jani la mgomba. Mninga ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu, na sisi tulijua visiki vilipo. Akasema tumletee utomvu, kila mmoja kopo lake. Tukaleta. Akauchanganya na mawese, akatupa vitambaa, akatuonyesha mabanzi yaliyopangwa vizuri kama mbao. "Pakeni, wanangu. Daraja la Baba yenu lipendeze."

Nilipaka. Niwaambie ukweli, nilipaka kuliko wote. Niliingiza kidole kwenye kila ufa. Mnyapara akanisifu mbele ya wenzangu, akaniongezea kipande cha sukari, na mimi nikarudi nyumbani nimejaa fahari kama jogoo.

Utomvu wa mninga hautoki mikononi kwa siku nyingi. Baba aliporudi tulikula ugali sahani moja, na vidole vyangu vilikuwa vyekundu mpaka kwenye viganja. Aliviangalia. Akanisogezea dagaa.

Mabanzi yale, ambayo mnyapara aliyapigilia darajani kabla Baba hajarudi, hayakumaliza hata mvua mbili. Shangazi Veronika, dada yake Baba, alikuwa anavuka na kikapu cha mihogo kichwani. Ubao ukakatika katikati kama mkate, akaingia mguu mmoja mpaka kwenye paja. Mguu ulivunjika mahali pabaya. Alichechemea mpaka alipozikwa, na kila alipopita mbele yangu nilitazama pembeni.

Wazee wakakusanyika palepale darajani. Baba akashuka majini, akaokota kipande, akakigeuza: nje chekundu, ndani cheupe na mashimo ya mchwa. Nilimwona anakinusa. Akafungua kinywa kusema. Hapo mnyapara akamtangulia, kwa ile sauti yake ya asali:

"Mpasuaji, mbao si zako hizi? Au unataka tuulizane rangi imetoka wapi? Tukiulizana, tutawaita watoto."

Akanitazama mimi. Mimi nikatabasamu! Nilidhani ananisifu tena.

Baba akafunga kinywa. Kisha akasema, "Mbao ni zangu."

Mzee mmoja akatema mate. Mwingine akampa Baba jina la Banzi, watu wakacheka, na jina likaganda. Hakuna aliyempa tena kazi. Msumeno ukauzwa kwa mtu wa Rungwe Mpya, na Baba akaenda manamba, kukata mkonge mbali huko, mtu aliyekuwa anaijua miti kwa majina kama watoto wake. Alirudi amekunjamana. Nilimchukia, jamani. Nilimchukia kwa kukubali. Niliona nina baba mwoga, asiyeweza kumjibu mtu mwenye kofia.

Nilikuwa nimeshazaa mara mbili ndipo nilipoelewa, siku moja nikimnawisha Agripina mikono baada ya kuchezea mawese. Nilimshika vile vidole vyekundu, nikakaa chini palepale. Baba alijua tangu sahani ile ya ugali kwamba nimechezea utomvu. Darajani akajua nilipaka nini. Angesema neno moja, mguu wa Shangazi ungewekwa kichwani pangu, mbele ya wazee wote. Na kwetu mtoto akishapewa jina la ubaya, huzeeka nalo. Akachagua lizeeke naye. Wakati nilipoelewa alikuwa amekwisha kufa.

Ndiyo maana nilimwambia fundi wa Agripina abandue lile baraza lote. Akanuna, akasema, "Bibi, wateja wataangalia rangi, hawaangalii ndani." Nikamwambia mtu mmoja alishasema hivyo, na shangazi yangu alimlipia kwa mguu. Akabandua. Agripina alikaa siku mbili hasemi nami.

Siku ya tatu nikampeleka Makere, kijitoni kwetu. Sasa watu wanavuka kwenye daraja la saruji, pembeni kidogo, lakini magogo mawili ya Baba bado yamelala pale, wanawake wanafulia juu yake. Weupe wote umeliwa, kimebaki kiini. Nilimpa Agripina jiwe na msumari nilioutoa kwenye baraza lake. Akapiga. Msumari ukapinda.

Wafuaji wakaacha kufua, wakatutazama. Nikasema kwa sauti, kwa sababu sina upole wa sauti na siutaki: "Magogo haya aliyaweka baba yangu. Mbao mbovu hazikuwa zake. Mabanzi yale niliyapaka mimi."

Msichana mmoja mwenye povu mpaka viwikoni akauliza, "Sasa Bibi, miaka yote hiyo, hata baba yako hakukuuliza?"

Hakuniuliza, mjukuu wangu. Angeniuliza, ningejibu, na jina lile lingekuwa langu.